Maji Matamu kwa Rosalinda

Fundi aliyekuja kunibadilishia kioo cha dirisha, hapa Kisauni nilikopanga, alikaa sakafuni akaanza kukanda puti kiganjani. Ni unga mweupe uliochanganywa na mafuta ya kitani, hauna maajabu yoyote. Nilikuwa nikimweleza jambo, nikanyamaza katikati. Harufu ile ilinifikia. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi mpaka akamaliza, na aliponiuliza kama nina pumu nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza kwamba kwangu ile ni harufu ya kitu kinachorembwa kabla ya kupelekwa kufa.

Chuoni walizoea kuniambia kwamba nahoji mno. Mhadhiri mmoja alisema nikikabidhiwa cheti changu cha kuzaliwa nitauliza ni nani aliyeshuhudia. Nilicheka pamoja na wenzangu. Lakini kuhoji kwangu hakukutoka darasani. Kulianza Mtongwe, Likoni, kwenye kiwanja kilichoteremka mpaka majini, ambako wazazi wangu walikuwa walinzi wa chombo cha Mzungu mmoja. Sisi tulikaa kwenye nyumba ya vyumba viwili mlangoni mwa kiwanja. Chombo kilikaa chini, kwenye banda la makuti refu kuliko kanisa letu.

Watu wa mjini wangekiita yoti. Kilikuwa cha mbao tupu, chembamba, cha matanga, na jina lake lilichongwa nyuma kwa herufi zilizopakwa rangi ya dhahabu: Rosalinda. Kilisimama nchi kavu juu ya magogo, kimeegemezwa kwa miti mbavuni, na mlingoti wake umelazwa kando kama mtu aliyevuliwa nguo. Mimi kwa kimo changu niliona tumbo tu. Tumbo jeupe, kubwa, lililonijia juu ya kichwa kila nilipopita, na siku zote nilipita mbio.

Kila mtu alikuwa na historia yake ya Rosalinda. Mwenyewe, ambaye tulimwita Kapteni, alisema babake alikitengenezesha ng'ambo ya kivuko, kisiwani, kwa maseremala wa Kihindi, zamani Wazungu walipokuwa wakishindana kwa matanga siku za Jumapili. Sitaha ni ya msaji, alisema, na misumari yote ni ya shaba. Shee, fundi wa kukalafati, yaani kuziba nyufa za vyombo kwa pamba, alikuwa na habari nyingine. Kwa mujibu wake chombo kilipokuwa kikijengwa kilimbana seremala mmoja akafa papo hapo, na siku ya kushushwa hakikuchinjiwa mbuzi kama ada ilivyo. Kilimwagiwa mvinyo.

"Umeona wapi chombo kikapewa pombe kikatulia?" Shee aliuliza, na hakungoja jibu. "Mna jini humo. Jini mlevi, wallahi, ndiye mbaya kuliko wote."

Pasta wetu naye alisikia kwamba Rosalinda lilikuwa jina la mwanamke, na mwanamke huyo hakuwa mke wa babake Kapteni. Leo nikizipima habari zote hizo, nabaki na misumari ya shaba peke yake. Hiyo niliiona kwa macho yangu.

Baba hakuwa mtu wa vyombo. Alitoka Kinango, bara kabisa, na alikuwa seremala wa vitanda, milango na mabenchi ya kanisa. Kapteni aliona mlango mmoja aliouunda akaupenda, akamwajiri. Shee hakumsamehe kwa hilo. Alimwita Fundi Vitanda, mbele ya watu na nyuma yao.

"Fundi Vitanda, hiki si cha kulalia," alikuwa akisema. "Hiki chaenda. Hebu kitie godoro tuone."

Baba alicheka. Nadhani alikuwa mtu pekee niliyemjua ambaye dhihaka haikumwingia mwilini.

Kisha Kapteni akaugua kifua, ikambidi arudi kwao kutibiwa. Siku aliyoondoka alisimama kivulini mwa Rosalinda akampa baba maagizo kwa Kiswahili chake cha pwani, cha mtu aliyezaliwa huku. Chombo cha mbao kikikaa nchi kavu hukauka, mbao zikasinyaa zikaachana. Kwa hiyo asubuhi na jioni kimwagiwe maji, nje na ndani.

"Maji ya bahari, Baba Dama. Ya bahari tu. Hayo matamu ni yenu, mnywe nyinyi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Kapteni."

Alimsikia, ndiyo. Lakini namna alivyomsikia ndiyo iliyotuharibia maisha.

Kinango mvua ni ya kubahatisha. Huko maji ndiyo heshima ya kwanza; mgeni akifika hupewa maji kabla hajaulizwa habari za atokako. Naye mgeni mwenye adabu hukataa kwanza. Husema, ah, msijisumbue, hayo ni yenu, mnywe nyinyi. Mwenyeji humpa vilevile, na asipompa, atasemwa kijiji kizima. Baba alimsikia Kapteni akisema maji matamu ni yenu, mnywe nyinyi, akaona mbele yake mtu muungwana anayekataa kama inavyopasa kukataa. Akaazimia kutomwaibisha. Kitu cha thamani namna ile, ameachiwa akitunze, akimwagie maji ya chumvi?

Alikuwa na ushahidi wake pia. Alimwonyesha mama bawaba ya mlango wetu, iliyoliwa na chumvi mpaka ikavunjikia mkononi kama biskuti. "Chuma kinaliwa," alisema, "seuze mti."

Basi Rosalinda akaogeshwa maji ya mvua. Baba aliweka mapipa kila pembe ya paa la banda na la nyumba yetu, na mvua zilipokatika akamwomba pasta maji ya tangi la kanisa, akayabeba kwa mzega mabegani, huku ndoo na huku ndoo. Likoni wakati huo mabomba yalikuwa yakikauka kila mara, na sisi wenyewe tulioga maji ya kisima yaliyokataa kutoa povu la sabuni.

"Mke mwenzangu anaoga maji matamu," mama alikuwa akiwaambia wanawake wa jirani, "mimi naoga maji ya chumvi kama ng'onda. Na bado nyinyi mwaniuliza mbona ngozi yake laini kuliko yangu!"

Walicheka wote, na mimi nilicheka nikidhani naelewa. Nilikuwa nikisimama karibu baba akipanda ngazi na ndoo. Alimimina taratibu, kama anayemwogesha mgonjwa. Maji yalipita kwenye sitaha, yakaingia ndani, na baadaye, wakati baba ameshashuka, niliyasikia bado yakitembea tumboni mwa chombo, tone kwa tone, yakienda chini, mahali ambapo hayakuwa na njia ya kutokea. Sauti ile niliipenda. Najua kwamba niliipenda, na hilo nalo hunisumbua.

Baada ya muda kukawa na harufu. Ukipanda ngazi ukachungulia ndani, ilikupokea kama muhogo uliosahauliwa kwenye gunia. Baba alisema chombo kimefungwa sana, akawa anakifungulia vifuniko mchana kipate hewa.

Kisha habari zikaja kwamba Kapteni anarudi. Anataka Rosalinda ashushwe majini, na baba ajiandae, kwa kuwa watakwenda pamoja, wao wawili, mpaka Shimoni na kupita. Baba alifurahi kama mtoto. Alitafuta nyundo ya mbao akaanza kukikagua chombo upya, ubao kwa ubao. Aligonga, akaweka sikio, akangoja. Akasogea, akagonga tena.

"Baba, nani yumo?"

"Nyamaza kidogo, mama. Nasikiliza."

Aliniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Nami kwa kuwa hakusema hamna mtu, nikajua yumo mtu. Ilikuwa wazi kabisa: yeye anabisha hodi, na wa ndani anajibu. Jibu lilikuwa kavu na la juu, kama kijiti kinachogonga bakuli. Upande wa juu wote yule mtu alijibu hivyo. Lakini jinsi baba alivyoshuka chini, kuelekea mkuku, ule mti mkubwa unaobeba chombo kizima, majibu yalizidi kuwa mazito. Kisha hayakuwa majibu. Nyundo ilitua kama imetua kwenye mkate. Baba aligonga mahali hapo tena na tena, na uso wake ulikuwa uso nisioujua.

Siku zilizofuata nilimfuata kila alikogonga. Nilielewa kwamba yule mtu wa ndani ni mgonjwa, na kwamba anakufa kuanzia miguuni. Nilihuzunika, na pia niliogopa kwamba akifa kabisa atatoka.

Jioni moja tukiwa mezani nikamwuliza mama kama mtu akifa ndani ya chombo huzikwa au hutupwa baharini.

"Nani amekufa?"

"Yule wa Rosalinda. Huku chini hamjibu tena baba. Baba anagonga, naye kimya."

Mama aliweka kijiko. Hakunitazama mimi.

"Baba Dama. Anasema nini huyu mtoto?"

Baba aliendelea kula. Alikula tonge baada ya tonge mpaka sahani ikawa tupu, kisha akasema kesho atamwita Shee.

Shee alikuja na pamba zake na patasi yake, akiimba. Akapiga pamba kwenye ufa wa ubao wa chini. Pamba ikaingia. Akaongeza, ikaingia. Akaongeza tena, ikapotea yote. Akaacha kuimba, akasukuma kwa kidole gumba, na kidole kikazama. Alikitoa akakinusa.

"Fundi Vitanda, hiki chombo umekinywesha nini?"

"Maji."

"Maji yepi?"

"Matamu."

Shee aliketi pale pale mchangani. "Lahaula," alisema polepole. "Samaki ng'onda watiwa chumvi kwani? Si wasioze? Mti nao ni vivyo hivyo, yakhe. Maji ya mvua yakituama ndani ya chombo ni mauti. Kwani hukuambiwa?"

"Niliambiwa."

Nilingoja Shee acheke. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa kikweli kwa mara ya kwanza. Alikusanya vitu vyake. Alisema yeye hayumo, wallahi hayumo, na kwamba mtu yeyote akiuliza, baba aseme ni jini.

Kuanzia hapo nyumbani kulisemwa kwa sauti ya chini. Mama alitaka mojawapo ya mambo mawili: ama baba amwambie Kapteni ukweli mara tu akishuka garini, ama tufungashe twende Kinango kabla hajafika. Baba alikubali yote mawili na hakufanya hata moja. Na Kapteni akafika.

Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya shati. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kama nimemtunzia bibi yake, yaani Rosalinda. Alizunguka chombo mara moja, mkono ukiteleza ubavuni. Macho yake hayakuwa mazuri tena. Aliona weupe, akaona umbo. Akasema, "Rangi, Baba Dama! Na puti popote palipo na ufa. Bamvua ya mwezi huu, maji yakijaa sana, tunashuka."

Baba angesema hapo. Mdomo ulifunguka, niliuona. Lakini Kapteni alikuwa akilia, machozi ya furaha ya mzee, na baba akaufunga.

Ndipo ikaja ile harufu. Kiwanja kizima kilinuka mafuta ya kitani. Baba alikanda puti kutwa, akajaza mashimo, akalainisha, akapaka rangi juu. Rosalinda akang'aa. Watu walikuja kutoka Timbwani kumtazama. Mama alikuwa akisimama mlangoni mwa nyumba, mikono kifuani.

"Unampaka maiti poda," alimwambia baba alipopita.

"Nitamwambia."

"Lini? Mkiwa chini ya maji?"

Alimwambia siku moja kabla ya kushusha. Nilikuwepo, nimechuchumaa nyuma ya gogo. Hakutafuta maneno. Alichukua kisu cha puti akakisukuma kwenye ubao wenye rangi mpya, karibu na mkuku, na kikaingia mpaka mpinini kama kimeingia kwenye papai. Kisha akaeleza yote: ndoo, mapipa, tangi la kanisa, na alivyodhani.

Kapteni alikichomoa kisu akakifuta surualini.

"Nani mwingine ajua?"

"Shee. Na mke wangu."

"Shee ataapa hajui. Mkeo je?"

"Mke wangu hajui kunyamaza."

Kapteni akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, akaegemea chombo mpaka kikapita. "Kesho kinashushwa," alisema.

"Kapteni, kitazama."

"Kesho kinashushwa, na kesho kutwa tunaondoka na maji yakitoka kwenda bahari kuu. Wewe utakaa kwenye pampu."

Sijui kwa nini. Nimejaribu kila maelezo. Huenda hakuamini, huenda mtu aliyelelewa juu ya mbao zile hakuweza kukubali zina mwisho. Huenda alikuwa ameamini zamani, tangu siku ile mkono wake ulipoteleza ubavuni. Huenda madaktari walimwambia jambo, naye akachagua mahali pa kufia. Kama ni hilo la mwisho, basi alikuwa amemchagulia baba pia, na hilo simsamehei hata nikimhurumia.

Baba naye alikubali kwenda. Nilimsikia akimwambia mama, "Nimeharibu kitu cha mtu. Siwezi kusimama ufuoni nikitazama."

"Ukifa wewe kitapona?"

Alasiri ya bamvua vijana walikivuta na kukisukuma juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, wakiitikia kwa sauti, na Rosalinda akaingia majini kama hana habari. Alikuwa mzuri. Nikiwa mkweli lazima niseme hivyo. Watu walipiga makofi. Baba alikuwa tayari ndani, na tulianza kuona maji ya pampu yakitemwa ubavuni, tema, tema, bila kupumzika. Kikafungwa kwenye boya, mlingoti ukasimamishwa, na baba hakurudi nyumbani.

Asubuhi mama alinivika gauni la kanisani na viatu vyenye soksi. Yeye mwenyewe alivaa kitenge chake cha harusi za watu na kilemba. Nikajua kuna sherehe. Tuliteremka mpaka majini, akaniweka kwenye kihori cha jirani, akaingia na yeye, akashika kasia ambalo hajawahi kulishika. Kihori kikazunguka kama sufuria. Wanawake waliokuwa wakichokoa chaza walisimama kutazama.

"Mama Dama, waenda Lamu?"

"Naenda kumwona mke mwenzangu!" mama alijibu. Wakacheka. Yeye hakucheka.

Tulifika kwa shida. Baba alipotuona alikuwa na macho mekundu na mikono imetoka malengelenge. Mama hakumwamkia. Alinipandisha, akapanda, akanishika mkono akateremka nami ndani ya chumba cha chini kabla mtu hajauliza lolote.

Nilikuwa nimengoja sana kumwona yule mtu. Nilitazama kila pembe. Kulikuwa na vitanda viwili vyembamba vyenye mito ya bluu, taa ya shaba iliyokuwa ikiyumba, harufu ya rangi juu na ya muhogo uliooza chini yake. Hapakuwa na mtu. Hapajawahi kuwa na mtu. Chini ya sakafu, mbao zilipopishana kidogo, niliona maji meusi yakienda huku yakirudi kule, bila haraka, na nikaelewa, sijui vipi, kwamba hicho ndicho baba alichokuwa akikisikiliza. Nadhani sijawahi kuogopa jini lolote tangu siku ile. Naogopa maji yaliyo chini ya sakafu.

Kapteni aliinama mlangoni. "Mama Dama. Kuna nini?"

Mama alikuwa ameketi kitandani, mkoba magotini, kama yuko kwenye foleni ya hospitali. "Nimeambiwa kuna safari," alisema. "Mimi na mtoto tuko tayari."

"Shuka, bibi. Maji yanatoka."

"Tunatoka nayo. Wewe si umesema chombo ni kizima? Basi tupeleke. Akienda baba yake twaenda sote. Ukimzamisha, tuzamishe sote, usiniachie kazi ya kuwaeleza watu."

Baba alisema kwa sauti iliyokatika, "Mama Dama, mtoe mtoto."

"Mtoe wewe. Njoo hapa, umbebe, ushuke naye."

Maji yalipiga sakafu. Kapteni alinitazama mimi, soksi zangu, viatu vyangu.

"Dama. Wajua kuogelea?"

"Sijui."

"Na mamako?"

"Hajui. Anaogopa hata mfereji."

Kapteni akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, akajifuta uso kwa kiganja. Alionekana mtu aliyeamshwa usingizini akiwa nyumba ya wageni. Kisha akasema bila kumtazama baba, "Chukua watu wako, Baba Dama."

"Na pampu, Kapteni?"

"Chukua watu wako."

"Basi rudi nasi. Tukiegeshe. Nitakitengeneza, nitatoa ubao mmoja mmoja..."

"Umenisikia?" Sauti ilikuwa ileile ya siku ya maagizo. "Safari hii nisikie nisemavyo."

Tukateremka kwenye kihori sote watatu. Kapteni alikwenda nyuma akawasha injini ndogo, ikakohoa ikashika. Tanga dogo la mbele likapanda kidogo kidogo, kwa mikono ya mtu mmoja mgonjwa. Ilibaki kamba ya boya, nayo ilikuwa upande wetu.

"Nifungulie," alisema.

Baba aliishika kamba na hakuifungua. Alimtazama mama. Niko katikati yao, nawaona wote wawili, na ningeweza kuchora nyuso zile hadi leo.

"Mfungulie," mama alisema.

Fundo lilikuwa limelowa na kukaza. Lilimchukua muda. Lilipoachia, Rosalinda alirudi nyuma kidogo, akageuka, akaanza kushuka na maji kuelekea kivukoni. Kivuko kilikuwa kimejaa, watu wakasogea ukingoni wakampungia mikono kwa uzuri wake. Nikapunga na mimi. Mama aliushika mkono wangu akaushusha.

Chombo hakikurudi. Waliokuja kuuliza maswali waliuliza kama Kapteni alikuwa mzoefu wa bahari. Baba akasema ndiyo, sana. Kama alikwenda kwa hiari, ndiyo. Hawakuuliza juu ya maji ya mvua, na sidhani kama mtu yeyote duniani angeuliza. Shee alieneza habari za jini mpaka zikafika Changamwe, na sasa naona ilikuwa ihsani yake kwa Fundi Vitanda. Pasta alihubiri juu ya mvinyo. Watu wengine walisema Kapteni ameonekana Pemba, mzima, anauza samaki. Nilikuwa mtoto na nilisikia mji mzima ukijieleza jambo ambalo nililiona kwa macho yangu, na kila maelezo yalikuwa matamu kuliko ukweli. Nani angenilaumu nikikua nahoji?

Tulihamia Timbwani. Baba akarudia vitanda, na mpaka leo ukimtajia bahari hubadilisha mazungumzo kwa upole.

Kwa hiyo swali nilimpelekea mama. Nilikwenda kwake Jumapili iliyofuata baada ya yule fundi wa vioo, nikamkuta uani akitayarisha wali. Nilikuwa nimejipanga. Nilimwuliza kwa nini hakupiga kelele. Kulikuwa na watu ufuoni, kulikuwa na kivuko, kulikuwa na askari wa bandari. Mzee yule angeweza kuzuiwa. Nilimwuliza kama alipotamka "mfungulie" alijua anachokisema.

Hakukasirika. Alifikiri, mkono ukiwa ndani ya mchele.

"Yule alikuwa anaondoka, Dama, mimi nikiwepo nisiwepo. Nilipanda mle kumtoa mtu mmoja. Nikamtoa."

Nilingoja aongeze. Ndani ya nyumba nilimsikia baba akisogeza kiti, akapiga chafya, akauliza chakula kiko wapi.

"Kinakuja!" mama alimjibu kwa sauti kubwa. Kisha akanigeukia. "Haya, wewe msomi. Niletee mbuzi nikune nazi."